"Tunafuata sayansi"? Basi tuonyesheni msimbo!

Haya wasomaji wangu, leo nina neno, na huenda waandishi wa programu wenzangu wakanikasirikia. Ni habari ya Uingereza na korona, na ndani yake mna kosa ambalo hata mimi nililifanya.

Mnakumbuka Machi 2020? Tarehe 16 mwezi huo, kundi la Neil Ferguson wa Imperial College, London, lilitoa ripoti iliyotikisa dunia. Ilisema kwamba kama serikali haitafanya lolote, na watu waendelee na maisha kama kawaida, Uingereza ingepoteza watu wapatao 510,000 na Marekani milioni 2.2. Siku saba baadaye Waziri Mkuu Boris Johnson akawaamuru raia wakae nyumbani. Na kila waziri aliyesimama mbele ya kamera alikuwa na wimbo mmoja: tunafuata sayansi.

Mimi nilikuwa Nairobi, kafyu imetufungia ndani, na riziki yangu ni kuandika programu. Ferguson mwenyewe alikiri kwenye Twitter kwamba msimbo, yaani maagizo yenyewe yanayoendesha programu ile, aliuandika zaidi ya miaka 13 nyuma kwa ajili ya janga la homa ya mafua: maelfu ya mistari ya lugha ya C, bila maelezo. Jamani, bila maelezo! Mwishoni mwa Aprili toleo lililosafishwa likawekwa GitHub, baada ya watu wa Microsoft na John Carmack (ndiye yule wa mchezo wa Doom) kusaidia kulinyoosha. Nikalipakua usiku huo huo, bando likaniishia, nikaanza kusoma huku nacheka. Watu wakagundua kwamba ukiiendesha programu ile mara mbili inaweza kutoa majibu yasiyolingana sawasawa. Tukashangilia kama tumefunga bao. Nikawaandikia marafiki: nchi nzima imefungwa kwa takataka hii!

Nilikosea, tena vibaya. Programu ya aina hiyo hurusha kete kwa makusudi. Inaumba watu wa kubuni, inawaweka majumbani, shuleni na kazini, kisha inabahatisha nani atamwambukiza nani. Huwezi kuiendesha mara moja ukaondoka. Unaiendesha mara nyingi na kutazama matokeo yanaangukia wapi. Kufikia Juni 2020 Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa ameuendesha msimbo ule na kupata matokeo yaliyokaribiana na ya ripoti. Ulikuwa msimbo mbaya wenye jibu linalosimama. Nani kati yetu hajaona hilo kazini? Na ile 510,000 haikuwa utabiri kwamba watakufa watu wangapi. Ilikuwa jibu la swali "tusipofanya kitu je?", na kitu kilifanywa. Hata hivyo waliokufa Uingereza wamepita 200,000.

Kumbe wakati sisi mafundi tunacheka majina ya vigeu, swali lenyewe lilitupita: nani aliamua nini, baada ya kuambiwa nini na nani?

Washauri wa serikali ile walikutana katika kundi liitwalo SAGE. Orodha ya wajumbe wake ilitangazwa rasmi tarehe 4 Mei 2020, wiki sita baada ya amri ya kukaa nyumbani. Kumbukumbu za vikao zilianza kumwagwa hadharani mwisho wa mwezi huo. Kabla ya hapo, Aprili, ilibidi gazeti la Guardian ndilo lifichue kwamba Dominic Cummings, mshauri wa kisiasa wa Johnson, alikuwa akihudhuria vikao hivyo. Serikali ikajibu kwamba hakuwa mjumbe. Sawa, lakini raia alikuwa akiambiwa ainamie sanduku ambalo hakuruhusiwa kulifungua!

Programu inaweza kukuambia kwamba ukifunga shule maambukizi yatapungua kiasi fulani. Haiwezi kukuambia kama kinyozi akose mlo ili mzee wa mtaa wa pili apone. Huo ni uamuzi wa mtu aliyepigiwa kura. Waziri anayesema "sayansi imeamua" hana tofauti na yule karani wa dirishani tunayemjua sote: "Sistimu imekataa." Sistimu haijakataa, ndugu yangu. Kuna mtu aliyeiambia ikatae.

Na ushahidi kwamba wimbo ule ulikuwa wa kujifichia ni huu. Agosti 2020 serikali ilitumia pesa za umma kupunguza bei ya chakula mikahawani ili watu watoke wakale. Washauri wake wakuu wa sayansi na tiba, Patrick Vallance na Chris Whitty, waliieleza tume ya uchunguzi mwaka 2023 kwamba hawakuulizwa. Kisha tarehe 21 Septemba SAGE ikapendekeza nchi ifungwe kwa muda mfupi. Johnson hakufuata. Tarehe 12 Oktoba akatangaza mpango wa ngazi tatu za kimkoa, na usiku huo huo kumbukumbu za Septemba zikatoka. Kesho yake kinara wa upinzani, Keir Starmer, akadai nchi ifungwe kama wataalamu walivyoshauri. Tarehe 31 Oktoba Johnson akatangaza kuifunga.

Tazameni tarehe hizo tena. Mjadala wa kweli wa kisiasa uliwaka siku moja baada ya karatasi kutoka. Zingetoka wiki tatu mapema je?

Nikiwa hapo hapo, mwezi huo huo maelfu ya wagonjwa, 15,841 kwa hesabu kamili, waligundulika kuachwa nje ya takwimu za Uingereza kwa sababu lahajedwali ya Excel ya muundo wa zamani hujaa ikifika safu 65,536. Walioketi karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Hitilafu kama hiyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona iwapo mtambo ungekuwa wazi. Lakini sisi tulikuwa tumeshughulika na Ferguson.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba mwanasayansi akijua kikao kitasomwa na kila mtu ataogopa kusema kweli, na kwamba watu wasioelewa watapotosha msimbo. Hili la pili silibishi, mimi ni mmoja wa waliopotosha. Ila nilisahihishwa ndani ya wiki chache, na nilisahihishwa kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwangu na kwa Eglen pia. Hili la kwanza linanishangaza zaidi, maana usiri haukumlinda mwanasayansi yeyote. Ferguson alipovunja masharti ya kukaa nyumbani akajiuzulu SAGE tarehe 5 Mei, magazeti yalimla mzima mzima, na ripoti yake ikatukanwa kana kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi ile amri. Waliokuwa na kalamu mkononi walitazama tu.