Posho ya Mtoto Haisimami Mama Akienda Chuo

Kuna neno tunalolisikia mara kwa mara katika mabaraza ya wazee, hapa Tabora mjini na huko Urambo, Nzega na Sikonge: "Kama amepata ada ya chuo, hawezi kukosa unga wa mtoto." Husemwa juu ya mama anayelea peke yake, ambaye baada ya miaka kadhaa ameamua kurudi darasani. Baba wa mtoto akisikia kwamba mama amejiunga na Chuo cha Ualimu, Chuo cha Utumishi wa Umma au VETA, anaacha kutuma fedha. Nasi wachungaji na wazee tunaitikia kwa kichwa.

Neno hilo ni uongo, na Kanisa limesaidia kulieneza. Tunaandika haya tukijua kwamba tunajishitaki wenyewe.

Tuanze na hesabu. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua au kushona nguo, akiingia chuoni, kipato chake hakiongezeki. Kinapungua, na mara nyingi kinakatika kabisa, kwa kuwa saa za biashara sasa ni saa za darasa. Mtoto anahitaji mtu wa kukaa naye, nauli, sare na daftari kama jana. Ada ya mama imetoka kwa ndugu, au kwa kuuza mbuzi, au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha hiyo imekwisha siku ileile ilipolipwa. Wengine husema, "Lakini anapata bumu." Ni kweli kwamba baadhi hupata mkopo wa Serikali, na fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu ni shilingi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo imepimwa kwa tumbo moja, la mwanafunzi. Tena ni deni: akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi alimalize. Baba anayemwambia mama alishe mtoto kwa bumu anamwambia akope ili yeye apumzike.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili vizuri kuliko sisi. Zamani, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kuamriwa kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Aibu hiyo iliondolewa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na wajibu huo inauweka juu ya wazazi. Mahakama inapopanga matunzo hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali husika. Basi mama akiacha genge akaenda darasani, kipato cha upande wake kimeshuka. Jambo hilo haliwezi kuwa sababu ya kumpunguzia baba mzigo. Likibadilisha chochote, litamwongezea.

Watu wa Tabora tungepaswa kulielewa hili bila kufundishwa na hakimu. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, wakipita njia ambayo mpaka leo tunaonyeshana miembe yake. Neno "posho" tunalolitumia maofisini lilikuwa neno lao. Mpagazi alidai posho yake ya kila siku, na msafara ulioinyima uliamka asubuhi ukakuta mizigo imelala chini na watu wametoroka. Hakuna mkuu wa msafara aliyeweza kusema, "Leo hamli, kwa kuwa mwenzangu amekwenda mbele kutafuta njia fupi." Mtoto naye ni msafiri, ila hawezi kutua mzigo wala kutoroka. Je, tumnyime posho kwa sababu mama yake ametangulia kumtafutia njia?

Tunajua majibu ya akina baba, na hayafanani. Yupo mkulima wa tumbaku ambaye malipo ya chama cha ushirika yamechelewa. Yupo aliyefukuzwa kazi. Yupo baba ambaye yeye ndiye amerudi chuoni, na mama ndiye amebaki na mtoto. Kwa hao wote neno letu ni moja: semeni. Amri ya matunzo hubadilishwa hali ikibadilika. Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yupo, na wazazi wanaweza kukaa mbele yake wakapanga upya bila kugombana. Gunia la mahindi ni matunzo. Kumlaza mtoto kwa bibi mzaa baba wakati wa mitihani ya mama ni matunzo. Asiye na fedha ana haki ya kusema hana. Hana haki ya kuzima simu.

Sasa turudi nyumbani, ndani ya usharika. Binti akizaa bila ndoa, tunamtenga. Akitubu, anasimama mbele ya kusanyiko nasi tunamrudisha kundini. Mwanamume mara nyingi hatumwoni hata siku moja, au tunamwona kwenye kwaya. Akija kutaka ndoa na mwingine, tunamuuliza cheti cha ubatizo. Hatumuulizi mtoto wake wa kwanza anakula nini. Na yule binti akituambia anataka kusoma, tunamshauri asubiri mtoto akue. Tumelitoa shauri hilo wengi wetu, kwa upole, tukidhani ni hekima. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mabinti waliojifungua milango ya shule rasmi. Itakuwaje Kanisa liwe nyuma ya waraka wa Wizara?

Tena sisi ni Walutheri. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka wafungue shule, za wavulana na za wasichana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama vile vya Sikonge na Urambo, vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, na wazo lake asili ni la Grundtvig, mchungaji Mlutheri wa Denmark. Elimu ya mtu mzima ni mali ya nyumba yetu. Na huyo Luther, alipoandika juu ya ndoa mwaka 1522, alimtetea baba anayefua nepi huku majirani wakimcheka, akasema Mungu anafurahishwa naye. Hatuokolewi kwa kutuma fedha ya unga. Lakini imani inayomwacha mtoto na njaa, Paulo alimwambia Timotheo wazi kwamba mwenye nayo ni mbaya kuliko asiyeamini.

Ibrahimu alimtoa Hajiri na mtoto kwa mkate na kiriba cha maji. Hayo ndiyo yalikuwa matunzo. Maji yaliisha jangwani Beer-sheba, mama akamweka mtoto chini ya kijiti akaenda kando asimwone akifa. Maandiko yanasema Mungu alisikia sauti ya mtoto. Hakumuuliza mama kwa nini amefika huko.

Kwa hiyo tunalitaka kila baraza la wazee lifanye mambo matatu. Kabla ya kumrudisha mwanamume kundini, kufungisha ndoa yake au kumchagua kuwa mzee, aulizwe juu ya watoto wake wote na matunzo yao. Mama anayesoma apewe mtu wa kumsindikiza Ustawi wa Jamii, na mahakamani ikibidi. Na lile neno la ada na unga likisemwa tena barazani, asikose mmoja wetu wa kusimama na kulikataa.