Daftari la Wiki: Ipige Ikiwa Moto

Karibu na stesheni ya zamani ya Voi wiki hii kuna amplifaya ya gitaa inauzwa. Ni ya valvu, ya wati 50, pamoja na boksi lake la spika nne za inchi 12. Muuzaji anasema ilitoka hoteli ya pwani, nami naamini, maana skrubu za mgongoni zimeliwa na kutu ile ya chumvi ambayo huku kwetu bara haipatikani. Anayeitaka ni kijana anayepigia kwaya moja ya Mwatate. Nilipofika simu ilikuwa mkononi, amebakiza kuweka namba ya siri ya M-Pesa. Nikamwomba asubiri kidogo tuiangalie.

*

Muuzaji alitaka kuiwasha papo hapo ili tuone taa. Fundi wa redio wa duka la pili akamzuia: "Usiwashe, bwana, spika haijafungwa." Alisema kweli. Amplifaya ya transista mara nyingi husamehe kosa hilo. Ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na transfoma ndiyo mali yenyewe. Valvu huchakaa na kubadilishwa. Bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, na zinaagizwa. Kapasita ni vitu vya kuchomea lehemu kwa mchana mmoja. Lakini transfoma iliyoungua inahitaji nyingine inayolingana nayo, au fundi wa kuisuka upya kwa hesabu sahihi, na mafundi hao ni wachache mno. Kwa hiyo kila anayeniuliza namwambia: unanunua transfoma na spika. Inusie kwanza. Ikiwa inanuka kuungua, au nta imechuruzika chini yake, ondoka.

*

Boksi lilikuwa na kibandiko cha omu 16. Fundi akachomeka waya, akaweka mita: 26. Hapo hapo akasema upande mmoja umekatika, na hajafungua hata skrubu moja.

Hesabu yake ni rahisi. Spika ya omu 16 ikipimwa kwa mita ya kawaida husoma kama 12 au 13, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu. Katika boksi hili spika zimefungwa mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo mbili zikaunganishwa sambamba. Likiwa zima, lingesoma 13. Likisoma 26, ni jozi moja tu inayofanya kazi, na jozi nyingine imekufa yote kwa sababu ya spika moja.

Tulipofungua tukaipata. Koni yake ilikuwa haina hata mkunjo, lakini koili ilinuka moshi. Zile tatu nzima fundi alizisukuma moja moja kwa vidole vya mikono miwili, polepole, sikio likiwa karibu. Koni nzima huenda na kurudi kimya. Ikikwaruza, koili imepinda. Kisha akachagua mbili, akazifunga sambamba zikawa omu 8, akachomeka tundu la omu 8 la amplifaya. Sasa tungeweza kuwasha.

Spika za gitaa zina kipimo chake pia. Greenback ya Celestion, ambayo wapigaji wengi huitafuta, hubeba wati 25. Nne zinabeba 100 vizuri. Mbili zikifungwa kwenye amplifaya ya wati 100 zinaweza kuungua. Soma mgongo wa kila spika. Boksi lililopitia hoteli kadhaa huwa na spika moja ya muziki wa disko iliyotiwa baadaye kuziba pengo.

*

Kuhusu mbao: gonga chini ya boksi. Plaiwudi hulia kavu. Ubao wa vumbi la mbao uliokaa pwani hufura pembeni na kumeguka penye skrubu. Na hapa Voi ongeza mchwa.

*

Muuzaji yeyote atakupa dakika mbili za kujaribu. Omba nusu saa. Ubovu mwingi wa valvu na kapasita hujificha amplifaya ikiwa baridi na kutokea ikishapata moto, kwa hiyo ipige ikiwa moto, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Kisha acha kupiga, ufungue sauti na usikilize tu. Mvumo mzito usiobadilika hata ukipunguza sauti mara nyingi ni kapasita za pawa zilizokauka. Zikiwa na umri wa miaka 20 na zaidi, hesabu kwamba utazibadilisha, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji.

Mkwaruzo unaposikika ukizungusha vitufe usikutishe. Hilo ni vumbi letu jekundu la Tsavo, na dawa ya kusafishia hulimaliza. Gonga kila valvu kidogo kwa penseli ya mbao. Inayolia ndani ya spika imechoka. Zima taa ya duka uangalie. Nyuzi za rangi ya machungwa ni sawa, na mwanga wa buluu karibu na kioo kwa kawaida hauna shida. Bati la ndani ya valvu likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Na ile rangi ya fedha juu ya kioo ikiwa imegeuka nyeupe, hewa imeingia, valvu hiyo ni ya kutupa.

*

Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta, alirekodi "Malaika" na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Amplifaya za gitaa za miaka ile zilikuwa za valvu karibu zote, kwa hiyo mlio ambao vijana wetu wanauita wa kizamani ni mlio uliolea muziki wa Kenya. Daudi Kabaka naye alirekodi "Helule Helule" Nairobi, na mwaka 1968 kundi la The Tremeloes likauimba Uingereza ukapendwa huko. Muziki wetu ulienda Uingereza ukiwa mpya. Amplifaya zao zinatufikia zikiwa mitumba, na tunazinunua kwa kuangalia jina lililoandikwa mbele. Inaniuma, kwa sababu tuna masikio ya kuchagua vizuri kuliko hivyo.

*

Stima. Soma bati la nyuma kabla ya plagi. Kwetu ni volti 240. Amplifaya iliyoletwa na mtu kutoka Marekani huwa ya 120, na bila transfoma ya kushusha itaungua mara ya kwanza. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Hakikisha iko mahali pake. Plagi ya zamani ya pini mbili ibadilishwe, waya wa ardhi ufungwe, kwa sababu mpigaji ameshika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maikrofoni.

Na jambo moja naliomba kwa dhati: usiingize kidole ndani hata kama umechomoa plagi. Kapasita zinaweza kushikilia zaidi ya volti 400 baada ya amplifaya kuzimwa, na zinaua. Mpelekee fundi aliyejifunzia kwenye redio za valvu. Voi bado wapo, wazee, na hakuna kijana aliyekaa kando yao kujifunza kazi hiyo.

*

Makanisa yananiuliza kama boksi la gitaa linaweza kubeba sauti za waimbaji. Hapana. Spika za gitaa hukata sauti za juu, na maneno ya wimbo hayatasikika vizuri. Nunueni spika za waimbaji.

*

Mpaka naandika haya, bei haijafikiwa. Kijana ametoa gharama ya spika moja na kapasita kutoka kwa bei aliyotajiwa; muuzaji anataka igawanywe nusu kwa nusu. Wakielewana, valvu zitachomolewa, kila moja iandikwe soketi yake na kufungwa kwa nguo ndani ya mkoba wa mkononi. Boksi litapanda juu ya matatu ya Mwatate.