Moto wa Jikoni na Maji ya Ruvu

Alfajiri, kabla jiji halijaamka vizuri, pikipiki zinaingia Dar es Salaam kutoka upande wa Kisarawe na Mkuranga zikiwa zimeelemewa magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira. Jua likichomoza, mkaa umeshamwagwa vibarazani, na mama mwenye ndoo anamsihi muuzaji asimpunje, amjazie kopo mpaka lifurike. Jioni jivu linatupwa jalalani. Mti wa mtondoro uliosimama porini miaka mingi umeishia kwenye chai, maharage na maji ya kuoga.

Mkaa huficha gharama yake. Katika tanuri la udongo, ambalo ndilo linalotumika zaidi porini, kilo 1 ya mkaa huweza kumaliza kilo 5 hadi 10 za kuni. Anayenunua gunia moja mjini ameagiza shehena ya magogo asiyoiona. Serikali ya Tanzania hukadiria kuwa nchi inapoteza zaidi ya hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na mkaa na kuni, pamoja na upanuzi wa mashamba, vimo katika sababu kubwa.

Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatangazwa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikazama kwa mafuriko. Ukame na gharika sasa vinapokezana, na hapo ndipo msitu unapohitajika zaidi: udongo wenye miti hunywa mvua na kuiachia mtoni polepole. Mlima uliokatwa miti huyateremsha maji yote kwa siku moja, kisha chemchemi hukauka.

Wapo wasemao kuwa mzigo wa mabadiliko ya tabianchi si wa Mwafrika, kwa kuwa bara zima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa duniani. Wanasema kweli, na nchi zilizotajirika kwa viwanda zinastahili kudaiwa bila haya. Lakini aliyevunjiwa paa na jirani haachi watoto wanyeshewe mpaka kesi iishe. Isitoshe, moshi una madhara yake hapa hapa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaoivuta zaidi ni wanawake na watoto.

Tanzania imekwisha kupiga hatua. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa miaka kumi unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kinachobaki ni kila nyumba kuwa na ujasiri wa kuyahoji mazoea yake.

Zoea moja ni imani kwamba umeme ni wa taa na televisheni, kuupikia ni anasa. Maharage yaliyolowekwa, yakiwekwa kwenye jiko la presha la umeme, huiva bila kumaliza uniti moja, na kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti moja ni takriban Sh356. Mwenye nyumba achukue kalamu, aandike fedha za mkaa za mwezi mzima, kisha alinganishe.

Kikwazo cha kweli ni bei ya jiko lenyewe. Hapo ndipo vikoba na saccos vinapopaswa kuingia: vikundi vinavyokopesha fedha za vitenge vya sare vikopeshe na majiko. Akina baba nao wasiseme jikoni hakuwahusu. Anayeweza kubadili simu anaweza kumpunguzia mkewe moshi.

Umeme hukatika, ndiyo. Mtungi mdogo wa gesi uwe akiba. Nayo ni nishati ya kutoka ardhini na haina usafi kamili, ila haikati mti. Asiyemudu vyote viwili atumie jiko banifu, afunike sufuria, na chakula kikichemka akihamishie kwenye kikapu cha kupikia kilichotandikwa nguo, kiivie humo bila moto. Mchoma mkaa naye asiachwe mikono mitupu: miti ile ile ikiachwa imesimama humpa asali, kama halmashauri itamsaidia kupata mizinga na soko.

Atakayesema watu hawabadiliki akumbuke Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Wengi waliuliza nyama itabebwa na nini. Leo kikapu kimerudi sokoni, na aliyekuwa akilalamika anakwenda nacho buchani.

Basi kazi ianze usiku huu. Kabla ya kulala, maharage ya kesho yachambuliwe na kulowekwa. Na kikundi kitakapokutana kuhesabu hisa, ajenda ya kwanza iwe jiko: nani ataanza kulipata, na atalirejesha kwa miezi mingapi.