Mkopo wa Chuo si Zawadi, Wala si Adhabu

Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii hakikuanzia Mlimani. Kilifungua milango yake Oktoba, 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Jengo lile lilikuwa la wanachama, na wengi wao hawakupata kukanyaga shule ya sekondari. Twakumbusha jambo hili si kwa kujisifu, bali kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo hata leo huulizwa maofisini kila siku ya mshahara: ni nani alipe gharama za kumsomesha kijana, na fedha hizo zirudi kwa njia gani?

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru Serikali ilibeba mzigo wote. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama; kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha za mikopo za mwaka wake wa kwanza hazikufika shilingi bilioni 60. Katika mwaka wa masomo 2023/24 zilizidi bilioni 700. Fedha hizo hutoka katika kodi za wananchi, akiwamo mkulima wa pamba na kuli wa bandarini, na katika marejesho ya waliokopa zamani. Deni lisilorudi, basi, ni mlango uliofungwa mbele ya kijana mwingine.

Wapo wanaosema ati mali ya Serikali hailipwi. Hao twawapinga waziwazi. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini yatupasa pia kuwasikiliza wale wanaolipa. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hata kwa waliotia saini zao wakati kiwango kikiwa cha chini. Tena ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ati ya kulinda thamani ya fedha, nayo iliwafanya wengi waone deni likikua huku wakilipa. Wafanyakazi walilalamika, na Mei Mosi, 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Ilikuwa haki. Lakini asilimia 15 imebaki.

Hebu tuwatazame watu watatu waliosoma darasa moja. Wa kwanza ni mwalimu. Akiwa na mshahara wa msingi wa shilingi 700,000, hukatwa 105,000 kila mwezi kabla hajaushika, mbali na kodi na mchango wa pensheni. Wa pili ana biashara yake, na kipato chake chaweza kuwa mara tano ya kile cha mwalimu. Sheria yamtaka naye alipe, ila hana mwajiri wa kumkata; akinyamaza, miaka hupita. Wa tatu ana shahada mkononi na hana kazi. Huyu hana cha kukatwa, na si haki kumwita mdaiwa sugu kana kwamba amekataa kulipa.

Ubaya uliopo hautokani na mwalimu kulipa. Unatokana na kwamba yeye ndiye aliye rahisi kukamatwa, basi mzigo humwelemea yeye. Kwa hiyo twasema mambo mawili. Kwanza, Bodi ishirikiane kwa dhati na mamlaka ya kodi ili kila mwenye kipato aonekane, ajiriwe asiajiriwe. Pili, kiwango cha makato kifuate uwezo: mwenye mshahara mdogo akatwe kidogo, na mwenye mkubwa akatwe zaidi. Wakilipa wengi, hapatakuwa na sababu ya kuwabana wachache.

Na wewe mwanachama uliyesomeshwa kwa mkopo, ambaye leo una duka, shamba au kampuni, usingoje kutafutwa. Walioitoa nyumba yao mwaka 1961 ili wengine wasome hawakungoja kulazimishwa. Nenda kalipe, kusudi mtoto wa jirani yako naye apate kusoma.