Fundi na Jamaa: Buloni za Turbo Zikikatika
Ndugu msomaji, kama moteri ya turbo inalia tik-tik asubuhi, kisha inanyamaza ikipata moto, angalia buloni za kolekteri. Chuma kinapanuka na kurudi, turbo nayo ni nzito. Ndiyo maana zinakatika.

Usilazimishe. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja usiku mzima. Kipande kikionekana inje, fundi apanguse mafuta, aunganishe ekru juu yake kwa sudire, kisha azungushe polepole, mbele na nyuma. Kikikatikia ndani, atoboe katikati kabisa. Badilisha buloni zote, weka na joenti mpya.

Usichelewe, ndugu. Katika moshi ule muna gesi ya sumu isiyo na harufu. Ikiingia ndani ya motokari, watoto wanasinzia, na hawaamki tena.