Kungoja TSC si mpango wa kazi

Na Mokeira Nyaundi

Katika Ekerenyo, kama ilivyo kote Gusii, ualimu umekuwa kwa miaka mingi njia kuu ya mtoto wa mkulima kupata mshahara. Bonasi ya majani chai imelipa karo ya chuo, ndugu wakubwa wamechangia, na familia nzima imeweka matumaini yake kwenye cheti kimoja. Kisha kijana anahitimu, anasajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), anapewa nambari, na kuanzia hapo anangoja. Kote nchini walimu zaidi ya 300,000 wamesajiliwa bila kuajiriwa. Wengine wamekaa hivyo miaka minane, wengine kumi, wakifundisha kwa malipo madogo ya bodi ya shule na kukataa shughuli nyingine wasije wakaonekana wameshindwa. Ninasema wazi kwamba miaka hii ya kungoja ni sehemu ya maisha ya kazi, na asiyeipangia lolote huikuta imekwisha huku yeye akiwa na ujuzi ule ule aliotoka nao chuoni.

Tazama jinsi masharti ya ualimu wenyewe yalivyobadilika kwa muda mfupi. Cheti cha P1, kilichotegemewa na vizazi vya walimu wa shule za msingi, kilipoteza nafasi yake mwaka 2021 vyuo vilipoanza kupokea wanafunzi wa diploma badala yake. Mwaka 2023 Sekondari Msingi ikaanza, na maelfu ya walimu wakaajiriwa kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki zao. Mwezi uliofuata wakawa barabarani wakidai ajira ya kudumu, na Januari 2025 takriban 46,000 wakaipata. Mwaka 2026 Gredi ya 10 ilianza na mikondo mitatu ya masomo, na uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati ukaonekana zaidi. Katika msukosuko huo wote, wapo waliosonga mbele: walimu wa shule za msingi waliokuwa wamejisomea digrii wakati wa likizo. Sekondari Msingi ilipofunguliwa, TSC iliwahamishia huko. Walipoanza kusoma hakuna aliyewaahidi nafasi hiyo, ila ilipotokea karatasi zao zilikuwa tayari.

Kujiandaa mapema namna hii hakuwahusu walimu peke yao. Gusii ilikuwa ngome ya pareto enzi ambapo Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Bodi ya Pareto iliposhindwa kuwalipa wakulima kwa wakati, waling'oa mimea, na aliyekuwa tayari na chai au migomba pembeni ndiye aliyekuwa na pa kushika. Wengi wetu wamevuka kwenda Kericho kuchuma chai katika mashamba makubwa. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma huko kwa sababu mashine moja ilikuwa ikichukua vibarua vya watu wengi. Mashine zilichomwa, lakini uchumaji kwa mashine haukukoma. Nenda sasa kwenye kituo chochote cha kununulia majani hapa Nyamira umwangalie karani: zamani alihitaji kalamu, kitabu na mizani ya kuning'iniza, leo ana mizani ya kielektroniki inayohifadhi kilo za kila mkulima na kutoa risiti papo hapo. Cheo chake bado ni karani, ila asiyejua kuitumia mashine hiyo hapati kazi hiyo tena.

Kuna msemo kwamba mshika mbili moja humponyoka, na wazazi wengi huutumia kumzuia kijana asianze jambo la pili. Una ukweli kwa anayerukia kila kitu. Lakini ujuzi wa pili unaoegemea wa kwanza hauupunguzi. Mwalimu wa kemia akisomea kazi ya maabara, au wa kompyuta akijifunza kutunza hesabu za Sacco, bado anajenga juu ya msingi ule ule. Fundi wa mawe aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa gredi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, bila kukaa chuoni miaka, akapata karatasi inayomwezesha kuomba kazi rasmi. Taasisi ya kiufundi ya Ekerubo Gietai iko hapa hapa Nyamira, na Kisii National Polytechnic si mbali. Tena watu wetu wanalijua jambo hili wakiwa ugenini. Minnesota, Marekani, kuna Wakisii wengi waliofika na digrii za nyumbani, wakaanza kwa cheti kifupi cha kuhudumia wazee, wakafanya kazi huku wakisoma, wakapanda hatua kwa hatua hadi wakawa wauguzi. Hapa nyumbani kijana mwenye digrii akianza hivyo hivyo, tunamsikitikia.

Najua jibu la mwalimu anayengoja: TSC hutoa alama kwa miaka iliyopita tangu mtu ahitimu, kwa hiyo kungoja kunalipa. Ni kweli. Lakini alama hizo huhesabiwa kwa mwaka wa kuhitimu, iwe ulikaa nyumbani au ulikuwa ukikarabati simu sokoni Ekerenyo. Foleni haikuhitaji ukae bure. Wengine watasema ushauri huu unambebesha kijana mzigo wa serikali. Hapana. Serikali iliyosomesha walimu huku madarasa yakiwa na upungufu wa walimu inapaswa kuwaajiri, na kesi ya wanagenzi ilionyesha kwamba haki hudaiwa mahakamani na mitaani. Mwenye njia nyingine ya riziki hudai haki yake akiwa imara zaidi, kwa maana halazimiki kupokea mkataba wowote anaowekewa mbele. Pingamizi zito kuliko yote ni la pesa, kwa kuwa karo ya kwanza bado inadaiwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza iwe ndogo: kozi fupi, mtihani wa gredi, au miezi michache chini ya fundi, badala ya digrii nyingine ya kukopea.

Kaunti ya Nyamira ingesaidia sana kwa kuongeza basari za kozi fupi kwa waliokwisha kuhitimu, kwa sababu kijana mwenye cheti kisicho na kazi anahitaji msaada kama anayeingia chuo mara ya kwanza. Vyama vyetu na Sacco vinaweza kukopesha kwa ajili ya mafunzo kama vinavyokopesha kununua pikipiki. Wazazi, acheni kuwauliza watoto wenu kila mwezi kama TSC imeita. Waulizeni wamejifunza nini tangu mwaka uliopita. Nawe mwalimu unayengoja, endelea kutuma maombi kila nafasi zinapotangazwa, na kabla mwaka huu haujaisha chagua ujuzi mmoja, ujiandikishe, uanze.