Gumba, Kidole na Kibanzi

Juma hili twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulilitenda mbele ya watu, wala si haki tulisahihishe mafichoni.

Hapa Likasi twasimamia mazoezi ya vijana wapigao vyombo pamoja na waimbaji wa parokia. Mmoja wao, mwanafunzi wa miaka kumi na sita, hupiga gitaa la besi, lile lenye nyuzi nne nene. Hupiga kwa vidole vitupu. Sisi, tuliojifunza muziki kwa kinanda na karatasi za noti, tuliona huo ni uvivu. Tukampa kibanzi cha plastiki, tukamwambia wenzake wakisikia kwamba mpigaji aliyefundishwa hushika hicho, na vidole ni vya wapigaji wa baa. Alitii. Majuma mawili alipiga, kiwiko kigumu kama mti. Juma la tatu hakuja. Ndipo mama yake alipotufikia nyumbani, akasema kwa upole: “Mwalimu, gitaa la babu yake amelisukuma chini ya kitanda, wala hasemi neno. Babu ndiye aliyemfundisha vidole. Je, yule mzee naye hakujua kitu?”

Swali hilo lilitunyima usingizi. Maana ni katika mji huu, ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville (jina la Likasi lilirudi mwaka 1966), dunia iliposikilizishwa vidole vya mtu mmoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo za watu, alimkuta hapa Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930, akanasa wimbo wake “Masanga”. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume. Gumba lilishika nyuzi nene, likitembea chini ya wimbo bila kukoma. Kidole cha shahada kiliimba juu, katika nyuzi nyembamba. Asikilizaye bila kuona hudhani wapigaji ni wawili. Mtaalamu David Rycroft aliiandika mipigo hiyo kwa noti katika makala za mwaka 1961 na 1962. Na Mwenda alipokaa Nairobi kwa muda, vijana wengi wa Kenya waliufuata upigaji wake. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Basi, kabla vijana wetu hawajapata gitaa la besi la umeme, besi ilikuwa imekwisha kukaa katika gumba.

Tena tulipozidi kutafuta, tuliaibika zaidi. Gitaa la besi la Fender lilipotoka huko Marekani mwaka 1951, liliwekewa kishikio kidogo upande wa nyuzi nyembamba, ili vidole vikamate hapo na gumba lipige. Waliolibuni walitarajia gumba! Na baadaye kila mpigaji alishika njia yake: James Jamerson wa Detroit alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, Carol Kaye wa Los Angeles alitumia kibanzi. Ni nani atakayethubutu kumwita mmoja wao mjinga?

Tofauti yenyewe ni ya sauti. Nyama ya kidole ni laini na pana. Huusukuma uzi kabla ya kuuacha, na sauti hutoka nene, ikaingia chini ya waimbaji bila kuwafunika. Kibanzi ni kigumu na chembamba, na kila noti huanza kwa mlio mkali, kama kokoto juu ya bati. Katika ukumbi wenye mwangwi, wimbo wa haraka huhitaji mlio huo, kwani noti za vidole huweza kuchanganyika zikawa ngurumo tupu. Lakini mwenye kibanzi hupata taabu kuruka uzi wa katikati, jambo ambalo vidole viwili hulifanya kwa wepesi. Sisi sasa twaona afadhali anayeanza aanze kwa vidole, apate kuujua unene wa kila uzi, kisha ashike kibanzi. Walimu wengine watatupinga, na watupinge.

Jumatano jioni tulikwenda kwao, tukamwomba kijana radhi mbele ya mama yake. Tukamwambia kwamba tutayarudia maneno hayo mbele ya wenzake, kwa kuwa ndipo tulipomwaibisha. Akajibu, “Ndiyo, Mwalimu,” basi.

Jumamosi alikuja, nasi tukayarudia. Wimbo wa kwanza alipiga kwa vidole. Wa pili, ule wa haraka wa kuingilia, alitoa kibanzi mfukoni mwa shati bila kuambiwa. Wa tatu akakirudisha. Sisi tulikaa kimya, tukihesabu mapigo.